Gauni la Miraba la Luming

Iluminada Magsino, ambaye mji mzima wa Tiaong ulimwita Luming, alifika umri wa kuitwa bibi bila kuvaa hata mara moja nguo iliyoanza maisha yake mwilini mwake. Si kwamba alitembea na matambara. Nguo alikuwa nazo, tena safi, zilizopigwa pasi. Ila kila moja ilikuwa imepita kwa mtu mwingine kwanza. Utotoni alivaa zilizomkataa dada yake, Panyang. Siku ya harusi aliazima gauni la shangazi wa mumewe, likabanwa kwa pini mgongoni, na misa nzima akaogopa kuvuta pumzi. Alipopata binti, na binti akakua akampita kimo, Luming akahamia kwenye fulana za binti.

"Mimi ni kituo cha mwisho," alizoea kusema huku akicheka. "Nguo ikishuka hapa haipandi gari jingine."

Kazi ya kroshia ilikuwa ya ukoo wao. Mama yao alifuma, na alipofariki Panyang alikuwa msichana aliyeanza kupevuka, Luming bado analia akitaka kubebwa. Panyang akaichukua kroshia ya mama, waya wa mwavuli uliovunjika uliochongwa ncha na kupindwa, akaendelea na kitambaa pale pale mama alipokiachia. Baadaye akawa fundi wa kusifiwa. Vitambaa vya altare ya parokia vilikuwa vyake, vyenye mananasi, tausi na zabibu, na watu kutoka miji ya jirani walikuja kuvishika pindo wakitikisa vichwa.

Luming alikuwa msaidizi. Panyang alimpa kazi ya kujaza: miraba ya katikati ya tandiko la kitanda, pembetatu za pembeni, ukanda mrefu wa kuzungushia. Maua hakumruhusu.

"Mkono wako ni wa miraba," Panyang alimwambia. "Ua linataka mtu mwenye subira. Wewe ukifika petali ya pili tayari unafikiria chakula."

Lilikuwa neno la kweli, na Luming hakulipinga. Alifuma miraba akiwa mke wa Ambo, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya nazi. Aliifuma akiwa mpishi wa kantini ya shule, kati ya sufuria ya tambi na sufuria ya mchuzi. Ambo alipoanguka kwa moyo na kufa, alirudi kuishi katika nyumba ya baba yao, ambako Panyang, ambaye hakuolewa kamwe, alikuwa akikaa peke yake. Humo pia akaendelea na miraba yake. Mchana wazee hao wawili walikaa dirishani, kila mmoja na kapu lake la uzi, wakigombana juu ya redio, juu ya chumvi, juu ya nani aliyeliacha lango wazi kuku wakatoka.

Mambo yakabadilika siku Zeny alipoingia bila kubisha. Zeny alikuwa amesoma darasa moja na Luming, mama mnene mwenye sauti ya kuuza samaki ingawa kazi yake ilikuwa kuuza bima.

"Baada ya Pasaka, darasa letu lote, kule kwenye chemchemi," alitangaza kabla hajaketi. "Tumekodi banda, kuna nguruwe wa kuchoma, kuna mashine ya kuimbia. Wote tunavaa njano. Asiyevaa njano anaosha vyombo. Luming, usinijie na fulana ya mwanao iliyoandikwa jina la benki."

"Ina njano kidogo kwenye herufi."

"Ndiyo maana nimekuja kukuambia mapema, shoga."

Zeny alipoondoka, Luming alibaki ameshika kroshia bila kufuma. Angeweza kwenda kwa mshonaji. Angeweza kumpigia binti yake Odette, aliyeishi mji wa Lucena, amtafutie kitu dukani. Lakini alitazama mraba uliokuwa mapajani mwake, akauinua, akauweka kifuani. Ulikaa vizuri, kana kwamba umepimwa. Akauhamisha kulia, kisha kushoto.

Kesho yake alinunua uzi wa pamba wa njano kama kiini cha yai la kienyeji, kapu zima. Akashusha kalenda za zamani zilizokuwa nyuma ya kabati, akachukua mkasi.

Panyang alimkuta amekaa sakafuni. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo aliinama karibu.

"Unafanya nini na kalenda ya Mtakatifu Antonio?"

"Nakata titi."

"Yesu na Maria!"

"Pande la titi, Dada. La kushoto. La kulia lile pale."

Alikuwa amekata miraba miwili ya mbele na miwili ya nyuma, ukanda mrefu wa kuzunguka chini ya matiti, na mistatili miwili myembamba ya mabegani. Sketi ingekuwa miraba midogo mitupu, safu juu ya safu, kama vigae. Hakuna ua. Hakuna nanasi. Vyote vilikuwa vitu mkono wake ulivyovijua, hakuna usichokijua. Akavibandika vipande vya karatasi juu ya daster yake, gauni pana la nyumbani, kwa pini, akasimama mbele ya kioo, karatasi zikichakarika kila alipogeuka.

"Unashona nguo au unaweka vigae sakafuni?" aliuliza Panyang.

"Utaona."

Kazi ilimpa raha ambayo hakuitarajia. Mraba ulianzia katikati, kitanzi kidogo, ukakua kuelekea nje, kona nne, zunguko hadi zunguko, na alijua bila kutazama ni wakati gani wa kuacha. Alifuma akisubiri wali uive. Alifuma kwenye foleni ya zahanati. Miraba ikarundikana kwenye sinia la bati mpaka paka akaanza kulala juu yake.

Alipoiunga mara ya kwanza, alilivaa gauni, akajaribu kutembea kutoka dirishani hadi jikoni. Gauni lilikuwa bomba lililonyooka, upana ule ule juu mpaka chini, na Luming hakuwa bomba. Magoti yalifungwa pamoja. Alikwenda kwa hatua za kuku aliyefungwa miguu, akashika mlango asianguke.

Panyang alicheka hadi akatoa leso. "Hilo si gauni! Hilo ni foronya! Umejitia ndani kama mto!"

Luming naye alicheka, kwa sababu kweli lilikuwa foronya. Kisha akaketi, akafumua maungio ya safu ya nyonga, akawaza. Nguo ikibana kwa chini, kinachotakiwa ni upana unaoanza taratibu. Akafuma pembetatu, ncha ikitazama juu, akazichomeka kati ya mraba na mraba, halafu safu za chini akaziongeza miraba ili zitoshe. Safari hii alipotembea, sketi ilimfuata kama maji ya ndoo iliyobebwa vizuri. Alizunguka. Ikazunguka naye, ikachelewa kidogo, ikatulia.

Hapo ndipo Panyang alipoacha kucheka.

"Utatoka nje na hilo?"

"Ndiyo kazi yake."

"Lina matundu."

"Kuna joto, Dada. Na ndani nitavaa shimizi."

"Luming, kroshia ni ya meza ya Bwana na meza ya chakula. Mama hakufuma vitu vya kujionyesha mabega. Mtu wa umri wako ajipambe kama pazia, watu waseme nini kanisani? Watasema mdogo wake Panyang amechanganyikiwa."

"Watasema mdogo wake Panyang. Ndiyo. Hata kichaa changu kitakuwa chako!" Luming alisikia sauti yake ikipanda na hakuizuia. "Maisha yangu yote nimevaa mabaki yako. Viatu vyenye vidole vyako. Magauni yenye jasho lako. Sasa nimejitengenezea kitu kimoja, kimoja tu, nacho unataka kukivaa kwa mdomo!"

Panyang akakusanya kapu lake la uzi, akaenda nalo jikoni. Siku kadhaa zilizofuata redio haikugombewa na mtu. Walikula mezani pamoja, wakapitishiana bakuli la samaki, na maneno yao yakawa "chukua" na "tosha" tu.

Asubuhi ya safari Luming alishuka ngazi akiwa amevaa. Zeny alikuwa barabarani na gari la kukodi lililojaa wanawake na wanaume wa njano, wakipiga honi. Panyang alikuwa akifagia uwanja. Hakuinua kichwa.

"Usiingie majini," aliuambia ufagio.

"Nani anaingia majini?"

"Pamba ikinywa maji haina adabu. Nimekuambia."

Luming akapita.

Kule kwenye chemchemi walimpokea kwa vigelegele. Wenzake walikuwa na blauzi za dukani, fulana zilizochapishwa, mmoja hata amejifunga taulo ya njano. Wanawake walimzunguka wakivuta pindo, wakiingiza vidole kwenye matundu, wakitaka kujua mshono umeanzia wapi.

"Umelinunua wapi hili?"

"Sijalinunua."

"Kalifuma dada yako Panyang?"

"Nimelifuma mimi," Luming alisema, na akajisikia anaona haya kama msichana aliyeitwa mbele ya darasa.

Walikula nguruwe na wali, wakanywa pombe ya mnazi kwa kikombe kimoja kilichozunguka, wakaimba kwenye mashine, wengine vizuri, wengi vibaya. Jua lilipokaa kichwani, Zeny akashika kipaza sauti akaamuru picha ya darasa, wote wasimame kwenye maji ya kina kifupi. Luming alikumbuka ufagio wa Panyang. Akasema yeye atasimama ukingoni. Wanaume wawili waliokuwa wakikaa dawati la nyuma, na ambao umri haukuwa umewaongezea akili, wakamshika kila mmoja mkono wake wakaingia naye. Maji yalikuwa ya baridi tamu. Mtu akamrushia mwenzake maji, mwenzake akajibu, na kabla picha haijapigwa darasa zima lilikuwa limelowa mpaka masikioni, Luming ameketi ndani ya maji akicheka kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu Ambo alipokuwa hai.

Aliposimama, gauni halikusimama naye.

Pamba ilikuwa imekunywa. Ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala. Sketi iliyokuwa ikiishia chini ya magoti ilishuka, ikapita mashavu ya miguu, ikafika kwenye vifundo vya miguu, na bado ikaendelea kuteremka. Shingo nayo ikafuata. Luming akashika kifua kwa mkono mmoja na pindo kwa mkono wa pili, akatoka majini akiburura mkia wa njano juu ya mawe.

"Jamani!" Zeny alipaza kwenye kipaza sauti. "Tazameni! Luming amekuwa sanamu ya maandamano ya kanisa! Leteni mishumaa!"

Wote walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na Luming alilijua hilo. Lakini aliingia kwenye chumba cha kubadilishia, akafunga komeo, akaketi kwenye benchi la simenti, na machozi yakamtoka. Aliona jinsi atakavyoingia nyumbani. Aliona Panyang akiegemea ufagio.

Zeny alibisha. "Shoga, samahani. Mdomo wangu huu. Nina kanga ya ziada, nikupe?"

"Ngoja kwanza."

Alikuwa ameshika pindo ili alikamue, na vidole vyake vikakuta mahali mraba ulipoungana na mraba. Akasitisha kilio. Lingekuwa gauni la kitambaa, lingehitaji mkasi, na likikatwa limekatwa. Lingekuwa la Panyang, la maua yanayotokana moja na jingine, lingehitaji kufumuliwa lote. Lakini hili lilikuwa vipande. Kila safu ilishikwa na safu ya juu yake kwa uzi mmoja tu wa kuungia, na uzi huo alijua ulikoanzia kwa sababu fundo alilifunga yeye.

"Zeny, una kikata kucha?"

"Ninacho. Unataka kujikata kucha saa hizi?"

"Lete, na taulo zote mtakazopata."

Zeny na wenzake walipoingia walimkuta ameshalivua, amejifunga taulo, gauni limelazwa kwenye benchi. Alikata fundo, akachomoa uzi, na safu ya chini kabisa ikaachia mraba baada ya mraba, ikatoka nzima nzima kama mkufu. Akatazama, akatikisa kichwa, akaitoa na iliyofuata. Mistatili ya mabegani akaifunga mafundo. Kisha wakalikunja gauni ndani ya taulo, Zeny akapanda juu yake na uzito wake wote akalikanyaga, maji yakatiririka mpaka mlangoni.

"Leo unene wangu umepata kazi," alisema Zeny.

Luming alitoka amevaa gauni lenye unyevu, linaloishia magotini, na zile safu mbili za miraba amezitupia mabegani kama mtandio. Upepo ukalikausha taratibu. Alicheza na kila aliyemwomba, na wale wawili wa dawati la nyuma aliwalazimisha waoshe vyombo.

Panyang alikuwa amekaa dirishani aliporudi. Hakuuliza safari ilikuwaje. Alinyoosha mkono akagusa pindo, vidole vikatembea kwenye ukingo mahali safu zilipotoka.

"Limekunywa maji."

"Limekunywa."

"Na umelipunguza."

"Nimelipunguza. Sema basi, Dada. Sema uliniambia. Nimejiandaa njia nzima."

Panyang aliendelea kushika pindo, akilisugua kwa kidole gumba, kama anatafuta kasoro.

"Lile la bluu," alisema mwishowe. "Lenye ukosi mweupe. Unalikumbuka?"

Luming alilikumbuka. Alilivaa siku aliyomaliza darasa la sita. "Lilikubana, ukanipa."

"Lingenibana wapi? Nilikuwa mwembamba kama ufagio huu." Panyang alitazama nje, mahali ambapo pengine hakuona kitu. "Baba alisema anayefanya kazi ndiye anunue nguo, na ajinunulie mwenyewe. Mdogo asubiri. Basi nikawa nanunua. Navaa misa moja, baba ananiona. Jumapili inayofuata nasema limenibana. La bluu, lile la vifungo, lile la madoa. Na viatu. Viatu vilikuwa vinaniumiza kweli, kwa sababu nilichukua saizi yako."

Luming aliketi. Alijiona mtoto akivuta gauni la bluu kichwani, amenuna kwa sababu si jipya, na dada yake nyuma akifunga vifungo bila kusema neno.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia baba. Ulikuwa na mdomo." Panyang akaachia pindo. "Na baadaye ikawa zamani. Nilidhani unajua."

"Sikujua."

"Sasa unajua. Nenda kalivue, utapata mafua. Na usilitundike kwenye kamba, litafika sakafuni. Lilaze juu ya meza."

Usiku ule walisikiliza redio, na walibishana tena juu ya stesheni.

Wiki chache baadaye, mwezi Mei joto lilipozidi, Panyang alianza kulalamika juu ya nguo yake ya kahawia. Tangu alipoponywa homa miaka mingi nyuma alikuwa amemwekea Mungu nadhiri ya kuvaa kahawia, na kitambaa chenyewe kilikuwa kizito, kinamchoma shingo. Alilalamika asubuhi, akalalamika mchana. Luming akaelewa polepole kwamba anaombwa.

"Uzi wa kahawia upo dukani," alisema.

"Mimi sijasema kitu."

"Ungesema, ningekuambia uje nikupime."

"Liwe na mikono. Na lishuke chini ya magoti. Na matundu yawe madogo, mimi si wavu wa samaki."

"Simama basi."

Panyang akasimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha pembeni, uso umekunjwa kama anayechomwa sindano. Luming alimzungushia uzi kiunoni, kifuani, mabegani, akikata kila mahali anapofika. Walikuwa wamelala nyumba moja na kula sahani zilizofanana, lakini hakukumbuka mara ya mwisho aliyomshika dada yake. Mifupa ya mabega ilikuwa midogo, karibu kabisa na ngozi.

"Mabega yako yamekwenda wapi, Dada?"

"Yamechoka. Pima, acha kuongea."

Panyang hakuweza tena kuona mishono midogo, ila aliweza kuunga kwa kupapasa, na maungio yake yalikuwa imara kuliko ya Luming. Kwa hiyo Luming alifuma miraba, Panyang akaiunganisha, na kila alipokuta mraba uliopinda aliurusha mapajani mwa mdogo wake bila huruma. Gauni la kahawia likaisha kabla mvua hazijaanza.

Panyang alilivaa kwenda sokoni. Hakumwambia mtu kitu, lakini alitembea katikati ya njia badala ya pembeni. Aling Bebang, muuza samaki, aliyekuwa mpana kama meza yake, alisimamisha kisu hewani.

"Panyang! Nani amekushonea?"

"Mdogo wangu. Hujui ana mkono?"

"Na mimi anaweza kunishonea? Nitazame vizuri kabla hujajibu."

Panyang alimtazama kwa makini, akaanzia mabegani, akashuka taratibu, akarudi juu.

Jioni alimweleza Luming habari hiyo huku akimenya vitunguu. Luming alitandika kalenda sakafuni, akachora mraba, akauongeza, akauongeza tena, akakuna kichwa kwa ncha ya kroshia.

"Huyu pembetatu moja kila upande haitoshi," alisema.

"Weka mbili," alisema Panyang. "Na kwapani umwekee nafasi. Yule anarusha mikono akiongea."